Picha Mbichi ya Mama Yako

Kashikishi, mwisho wa mwaka 1999

Mwanangu Mwape,

Lori la samaki linaondoka alfajiri na mzigo wako umeshafungwa, kwa hiyo sitapoteza karatasi kukuambia uvae sweta au ule kabla ya kupanda. Hayo unayajua. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele mpaka majirani watoke nje, wewe utalia, na mwisho tutalala bila kuambiana kitu. Umenidanganya, Mwape. Nimeliweka hapa juu kabisa ili usisome barua yote ukijiuliza neno lenyewe liko wapi.

Uliniambia unakwenda Ndola kujifunza kupiga taipu. Nilifurahi mno. Nilimsimulia kila aliyeingia studio, mpaka mwanamke mmoja aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho akaniomba ninyamaze kwanza nimpige, maana jasho lilikuwa linaharibu poda yake. Halafu jana mchana dereva wa lori akaja kuulizia mizigo, akasema bila hata kujua anasema nini:

"Papa Kyungu, mutoto nitamushusha kwa Mulenga tu, ao? Kule ku studio yake?"

"Studio gani? Mutoto anaenda ku masomo."

"Ah! Mi nilizani weye unajua. Atatumika kule mwaka muzima. Kisha Mulenga atamupatia ile picha mubichi ya mama yake."

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja. Dereva akaona uso wangu, akakumbuka ghafla kwamba gurudumu lake halina upepo, akaondoka. Usiku ulinipakulia bukari na samaki kama kawaida, ukaniuliza kama chumvi inatosha. Nikakuambia inatosha. Nilikuwa sijaonja.

Kwa hiyo sasa najua, na wewe ujue kwamba najua. Lakini yapo mambo kuhusu picha hiyo ambayo wewe huyajui, kwa sababu niliona aibu kuyasema. Mulenga ni yama wako, ndugu wa tumbo moja wa mama yako, na sikutaka kumchafua mbele yako. Leo sioni tena kwa nini nimfunikie.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Tangu nivuke ziwa kutoka Pweto, upande wa Kongo, nimepiga picha watu wa bandari hii wote. Nimepiga wachuuzi na redio zao begani, maharusi, watoto waliobatizwa, walevi waliotaka kuonekana wamevaa tai. Nyuma yao kulikuwa na lile shuka la bluu, na aliyelishika ili upepo usilipeperushe alikuwa mama yako Chanda. Ukitazama picha zangu za zamani kwa makini, pembeni utaona vidole vyake. Nina vidole vya mke wangu katika mamia ya picha za watu wengine. Uso wake sina. Kila nilipomwambia asimame nimpige, alisema filamu ni ya wateja, na mimi, mjinga, nilimkubalia kwa sababu ilikuwa kweli. Picha za harusi zilibaki Pweto, na nyumba ile haipo tena. Iliyobaki ni ile ndogo ya kitambulisho, amekunja uso kama anagombana na mpiga picha, na kweli alikuwa anagombana naye.

Ndipo Mulenga akaja kututembelea na kamera isiyotumia filamu. Unakumbuka jinsi bandari nzima ilivyomzunguka. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa huko Ndola, ambako siku hizi anashika studio yao, wakamwazima kamera hiyo pamoja na kompyuta ya kubeba mkononi. Nilimwonea wivu, sikufichi. Mimi nashinda gizani na dawa zinazochoma macho, yeye anabonyeza na picha hiyo hapo, nyuma ya kamera, ndogo kama stempu, na watu wanapiga vigelegele.

Mama yako alikuwa kwenye vichanja vya samaki, anageuza chisense zikauke upande wa pili. Wewe ulikuwa unamwigiza yule afisa wa forodha anayetembea kifua mbele. Chanda akacheka. Si kucheka kwa kujizuia, alicheka mpaka ule mwanya wake ukaonekana wote, kichwa nyuma, mkono uliolowa umeshika kitenge kisidondoke. Mulenga akabonyeza. Mara moja tu. Nilijua papo hapo kwamba katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kupata picha kama ile, na aliyeipata ni mtu aliyejifunza kamera mwezi uliopita.

Siku ya kuondoka nikamwomba aniachie. Aliweka kompyuta juu ya meza ya studio, akanieleza kwa maneno ya kwetu ili nielewe, na hapo ndipo alipoonyesha ustadi.

"Mulamu," akaniita, maana kwa Kibemba ndivyo shemeji anavyoitwa, "picha iko namna mbili. Kuko mubichi, kuko ya kukausha. Mubichi ni vile kamera iliona, haigusiwe kitu. Iko nzito sana, moya tu inajaza kadi. Ya kukausha mashini inatoa maji, inabakia mwepesi, inaingia mu disketi. Nikuachie gani?"

Mwape, mimi ni mtoto wa wavuvi. Baba yangu aliuza samaki, mama yako aliuza samaki. Mtu akikuuliza kwenye ziwa hili kama unataka samaki mbichi au mkavu, na safari ni ndefu, utajibu nini? Mbichi kesho ananuka. Mkavu anafika Lubumbashi, anakaa dukani miezi, unamtia maji anavimba, unapika. Sikufikiri hata kidogo.

"Niachie ya kukausha," nikamwambia. "Mubichi itaoza."

Alicheka akashika mlango. Nikadhani anacheka kwa sababu nimejibu kwa haraka, kama mtu anayejua biashara. Hata nikacheka naye. Akanipa disketi, akaniambia, "Kumbe weye unajua bintu," nami nikamshukuru kwa mikono miwili na kumpa fungu la samaki la njiani. Hilo fungu linaniuma mpaka leo kuliko mambo mengine makubwa.

Alijua kwamba nimekosea. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba picha haiozi, kwamba mbichi ya namna hiyo inakaa miaka na miaka, na kwamba iliyokaushwa huwezi kuitia maji ikarudi. Hakusema. Mimi nilikosa kwa sababu ya samaki. Yeye alinyamaza kwa sababu alishaiona thamani ya ile picha na hakutaka tuwe nayo wawili.

Kilichofuata unakijua. Homa ilimchukua mama yako kabla mvua hazijakatika. Nilipanda gari mpaka Mansa na disketi mfukoni nikatafute mtu wa kompyuta anitolee picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza. Kijana niliyempata alikuwa mpole. Picha ilipofunguka ilionekana nzuri, ila giza kidogo, nikamwomba aongeze mwanga. Akaongeza, akahifadhi. Bado giza. Akaifungua tena, akaongeza, akahifadhi juu ya ileile. Tulifanya hivyo mara tatu, mimi ndiye niliyemhimiza, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba kila tulipohifadhi, mashine ilikuwa inaikausha upya, inatoa kile kidogo kilichobaki. Alipoichapa kwa ukubwa wa karatasi nzima, uso wa mama yako ulikuwa vipande vya mraba. Shavu lilikuwa kibao kimoja cha rangi moja. Mwanya haukuwapo, mdomo ulikuwa shimo.

Nikaileta hivyohivyo, kwani ningeleta nini? Unamkumbuka bibi kizee wa nyumba ya tatu aliyenunua samaki kwa mama yako kila siku. Aliinama juu ya jeneza, akaitazama picha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uyu ni nani?" Mtu aliyemwona Chanda jana yake na juzi yake. Nikamwambia ni Chanda. Akasema, "Ah, ndiyo, ndiyo," kwa ile sauti ya kumwonea mtu huruma.

Mulenga alikuwapo pale, alikuja kumzika dada yake, na alilia kweli, siwezi kusema hakulia. Nilimvuta kando ya nyumba nikamwuliza kama hana nyingine iliyo bora kuliko hii. Akanitazama machoni. "Nilikuachiaka yote, mulamu. Haiko ingine." Nikamwamini. Mtu amefiwa na dada, kaburi halijafukiwa, utamshuku vipi? Nikarudi ndani nikaitundika ile picha ya vipande ukutani, na wewe umeisalimia kila asubuhi tangu wakati ule.

Sasa nikueleze nilichokiona Chisenga, maana nilipokueleza mara ya kwanza niliruka sehemu.

Nilikwenda kisiwani kupiga picha za wavuvi wa kambi, unajua huwa wanataka za kupeleka nyumbani Krismasi. Nikaingia kwenye kibanda kimoja kununua kiberiti. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka 2000, ya kampuni fulani ya mafuta ya kupikia, imeshatundikwa ingawa mwaka wenyewe haujaingia. Juu ya tarehe, kwa ukubwa wa mlango wa kabati, mama yako anacheka.

Mwape, alikuwa yeye. Mwanya ulikuwapo. Nyuzi za kitenge ungeweza kuzihesabu. Matone ya maji yalikuwa mkononi, na shavuni, chini ya jicho la kushoto, gamba moja la samaki lilikuwa limeganda na linang'aa. Hilo gamba sikuwa nimeliona hata siku yenyewe nilipokuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Nyumbani nina vipande vya mraba, na hapa, kwenye kibanda cha mtu nisiyemjua, mke wangu ana gamba shavuni. Waliondoa vichanja na samaki wake wote, wakamwekea jiko la kizungu nyuma yake na chupa ya mafuta pembeni.

Nikamwambia mwenye duka, "Uyu ni bibi yangu."

Akaangua kicheko. Akawaita wawili waliokuwa nje wanashona nyavu. "Mukuje musikie! Na huyu naye ni bibi yake!" Wakacheka wote. Mmoja akanieleza kwa upole kwamba hapo kambini kila mwanamume anasema hivyo, kwamba wamegawana siku, yeye ana Jumanne. "Weye tutakupatia siku gani, papa?"

Niliruka sehemu hiyo. Nilikuambia tu nimeona picha ya mama yako kwenye kalenda. Sikukuambia kwamba niliomba wanipe, wakakataa kwa kuwa mwaka haujaanza, wala kwamba sikuwapiga ngumi ingawa mkono ulikuwa unaniwasha, kwa sababu hawakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa mjini anakunywa chai. Nilirudi na mtumbwi wa jioni nikiwa nimekaa juu ya magunia, na mwenye mtumbwi akaniuliza kama ninaumwa.

Nilipokuhadithia, wewe ulikuwa unasugua sufuria. Hukuinua kichwa. Hukuuliza ni kalenda gani, wala imefikaje huko, wala nani kaiuza. Mtoto wa watu anaambiwa mama yake marehemu anatundikwa madukani, na anaendelea kusugua! Nilidhani ni uchungu. Jana dereva aliponiambia, ndipo nikaelewa kwamba ulikuwa unajua tangu safari yake iliyopita, kwamba Mulenga alishakutumia ujumbe, na mlikuwa mmeshakubaliana nyinyi wawili. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua habari za mke wangu, na sasa nimekuwa wa mwisho kujua habari za binti yangu. Nimeumia. Nimezunguka chumba hiki nikitafuta neno jingine na sijalipata.

Mulenga ana maneno yake, nayajua kabla hajayasema. Kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama, na yama ana sauti juu yake kuliko mimi mtu wa ng'ambo. Sawa, ni mila yenu, nimeishi ndani yake miaka mingi bila kugomba. Lakini yama anayemtafutia mpwa wake kazi huja nyumbani, anakaa, anaongea na baba. Hamwambii mtoto afiche. Hashiki sura ya mama yake mkononi na kusema njoo unitumikie mwaka mzima ndipo nikuonyeshe.

Na najua pia kwa nini ulikubali, usidhani sijui. Nimekuona asubuhi ukiisalimia ile picha ya ukutani, halafu unatazama pembeni. Ulitaka uniletee Chanda mzima. Ulitaka siku moja ushuke kwenye lori na kiboksi cha picha mkononi, unikalishe, unionyeshe. Hilo linanifanya nishindwe kukuchukia vizuri, na nilikuwa nimejiandaa.

Kazi yenyewe siikatai. Una jicho, na mikono yako haitetemeki, na mimi nakiona kifo cha filamu kikija kwa mbali. Hizo kamera zitafika mpaka hapa. Utakapozishika, iwe kwake au kwa mwingine, nakuomba kitu kimoja ambacho nimekilipia ghali. Kukausha si dhambi. Watu wa vitambulisho wakaushie, wenye kutaka picha ya kutuma wakaushie, kadi ni ndogo na watu ni wengi na huwezi kuibeba bahari. Ila ikija sura ambayo haitarudi kusimama mbele yako, iache mbichi hata kama itajaza kadi nzima na wengine wakanuna kwenye foleni. Kausha nakala. Ya kwanza iweke mahali usipopagusa. Na mteja akikujibu kwa kutojua, kama mimi nilivyojibu, mwambie. Hata akikuona unamchelewesha, mwambie. Usicheke ukashika mlango.

Basi nisikie nilichofanya leo. Mchana nilikuambia nakwenda kutafuta dawa za kuoshea filamu. Na mimi nimekudanganya, tumekuwa sawa. Nilipanda baiskeli mpaka posta ya Nchelenge, nikapanga foleni ya simu, nikampigia Mulenga kule kazini kwake.

Akaanza kunisalimia kwa furaha, mulamu, habari za ziwa. Nikamkata.

"Ile mubichi ya Chanda," nikamwambia, "bakia nayo."

Nilisikia mashine za kuchapa zikilia nyuma yake.

"Mulamu, nilikuwa nataka tu kumusaidia mutoto..."

"Bakia nayo. Siitaki. Ata ukiniletea bure ku mulango, nitairudisha. Nimemaliza."

"Na Mwape? Anakuja?"

"Sijue. Ni mutu muzima. Utamuuliza yeye."

Nikakata simu. Karani wa posta alinisukumia kiti, nikakikataa, nikatoka nikasukuma baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani kwa sababu sikuwa naona njia vizuri.

Sasa Mulenga hana tena kitu cha kukushikia. Mwaka wako ni wako. Lori likifika Ndola unaweza kushuka kwake kwa sababu unaitaka kazi, na sitakulaani. Unaweza kushuka kwenye chuo cha taipu, kama kipo kweli. Unaweza hata usipande, ukalala, dereva akapiga honi mpaka achoke. Lakini usishuke popote kwa ajili yangu. Nilikaa muda mrefu pale posta kabla sijapiga, nikimfikiria mama yako akicheka na lile gamba shavuni, nikijua kwamba nikishafungua mdomo sitaliona tena ila kwenye kuta za watu. Nikafungua. Kati yenu wawili, Mwape, uliye hai ni wewe.

Baba yako, ambaye bado amekasirika, na atakuamsha mwenyewe alfajiri,

Kyungu